Niende peke yangu, au tuende wote wawili?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, nimeolewa miaka tisa na tuna watoto wawili. Tangu mwaka jana mume wangu amekuwa mkimya. Nikimuuliza habari za fedha anashika simu, au anatoka na kurudi saa tano usiku ameshakula hukohuko. Ugomvi wa mwisho ulianza nilipokuta meseji kwamba amemtumia mdogo wake laki tatu, na ada ya mtoto haijalipwa. Shangazi alituweka kitako, kikafuata kikao cha familia, mambo yakazidi. Mimi mwenyewe kwa miezi minne sasa naamka saa tisa usiku na silali tena, chakula hakina ladha, darasani nafoka. Nataka kwenda kwa mwanasaikolojia. Mume wangu anasema nyumba hii haina kichaa. Je, nianze peke yangu au tuende wote? Na tukifika huko tunafanyiwa nini hasa? Mama wa wawili.

Jibu: Dada yangu mwalimu, barua yako imebeba mizigo miwili kwenye kapu moja. Kuna wewe, usiyelala, usiyekula vizuri, unayewafokea watoto wa watu. Na kuna ninyi wawili, msiozungumza. Mizigo hii huongezeana uzito: asiyelala husema kwa ukali, anayefokewa hutoroka, na anayekimbiwa halali. Kwa hiyo mnahitaji yote mawili, ila kwa mpangilio. Upimwe wewe kwanza, ikiwezekana wiki hii. Kisha muingie wote wawili, kama jibu la swali la hofu nitakalokuuliza hapa chini ni hapana. Shemeji akikataa katakata, anza peke yako, kwa sharti nitakalolieleza.

Tuanze na kupimwa. Kwetu mtu akielemewa husema "nina mawazo". Ni neno zuri, lakini linaficha ukubwa wa jambo: mawazo ya ada na mawazo ya mtu aliyechoka kuishi yanaitwa kwa jina hilohilo. Ndiyo maana mwanasaikolojia hatosheki na neno, anataka hesabu. Dodoso linalotumika sana kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, ni PHQ-9, na lipo kwa Kiswahili. Lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujiona huna thamani, umakini, kupooza au kutotulia kwa mwili, na mawazo ya kufa au kujidhuru. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 (hapana kabisa) hadi 3 (karibu kila siku), na jumla haizidi 27. Alama 5 hadi 9 ni dalili nyepesi, 10 hadi 14 za wastani, 15 hadi 19 nzito kiasi, na 20 kwenda juu ni nzito. Kwa yale uliyoyaandika, sitashangaa ukivuka 10. Alama peke yake haitoshi kusema unaumwa nini, lakini inatupa mahali pa kuanzia, na baada ya wiki sita tutajua kama tunasogea au tunazunguka palepale.

Swali la tisa halirukwi. Jibu lolote lisilo 0 huzungumzwa siku hiyohiyo, kwa utulivu na kwa undani: wazo lina muda gani, lina mpango, njia ya kulitekeleza ipo karibu? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo; wengi hupumua kwa kuwa hatimaye kuna aliyeuliza. Kama kwako lipo, usingoje miadi. Mwambie leo mtu mmoja unayemwamini, dawa ya panya na viuatilifu vya shambani vitoke nyumbani, na uende hospitali.

Mwili nao uangaliwe. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya thairoidi, ujauzito na baadhi ya dawa vinaweza kumnyima mtu usingizi na nguvu, akadhani ni ndoa tu. Kipimo cha damu ni kazi ya asubuhi moja. Na alama zikifika 15 au zaidi, uonane pia na daktari wa afya ya akili, kwa kuwa hapo dawa na tiba ya mazungumzo kwa pamoja husaidia kuliko kimoja peke yake. Dawa hizo kwa kawaida huhitaji wiki kadhaa kabla hujaona nafuu, kwa hiyo usiziache siku ya tano ukisema hazifai.

Sasa swali la hofu. Jibu ukiwa peke yako, bila kumtetea mtu. Je, unamwogopa mumeo? Amewahi kukupiga, kukusukuma, kukutishia, kukulazimisha kitandani, kukuzuia kwenda kwenu, kushika kadi yako ya benki? Kama jibu ni ndiyo, kikao cha wote wawili kisianze, hata akikubali kuja. Sababu yake ni ya wazi kabisa: katika kikao cha wenza tunakuomba useme yale unayoyaficha, na anayepigwa akisema ukweli saa tisa alasiri anaweza kuulipia saa tatu usiku. Isitoshe, kikao cha wote wawili huchukulia kwamba kila mmoja ana sehemu yake katika tatizo, na kipigo si sehemu ya anayepigwa. Hapo njia ni nyingine: dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, kituo cha mkono kwa mkono (panapotolewa huduma zote za aliyefanyiwa ukatili mahali pamoja) kwenye hospitali zilizo nacho, na mpango wa usalama wako na wa watoto. (Msomaji aliyeko Kenya anaweza kupiga 1195 bila malipo.) Mwanasaikolojia anayejua kazi yake atamuuliza kila mmoja swali hili faraghani kabla ya kuwaweka chumba kimoja. Asipouliza, hiyo ni dosari kubwa.

Barua yako haitaji kipigo wala vitisho, kwa hiyo naendelea nikiamini jibu ni hapana.

Unaniuliza mtafanyiwa nini, na naona nyuma ya swali hilo yuko shangazi, na kile kikao cha familia. Sina neno baya kwa shangazi. Pwani tuna kungwi na somo, bara kuna washenga na wazee wa ukoo, na ndoa nyingi zimesimama kwa sababu yao. Lakini kikao cha wazee hufanya kazi ya aina yake: kinasikiliza pande mbili, kinamtafuta aliyekosea, kinamwonya, kinaomba msameheane. Baraza la usuluhishi wa ndoa nalo lina kazi yake kisheria. Kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, anayetaka talaka mahakamani kwa kawaida lazima apitie kwanza baraza hilo, nalo lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Mahali pote hapo kuna hukumu ya namna fulani, na palipo na hukumu kila mtu huja na ushahidi. Wewe ulikwenda na ile meseji. Yeye alikwenda na makosa yako. Mkarudi nyumbani mmoja ameshinda, na aliyeshindwa akazidi kunyamaza.

Mwanasaikolojia hatoi hukumu. Anachotazama ni namna mnavyogombana, hatua kwa hatua, hadi nyote wawili muione.

Mpangilio wa kawaida ni huu. Kikao cha kwanza mnaingia wote, dakika 75 hadi 90. Mnaelezwa masharti ya siri na mipaka yake: yanayosemwa hayatoki, isipokuwa maisha ya mtu yakiwa hatarini, mtoto akiwa anaumizwa, au mahakama ikiamuru. Kila mmoja anaeleza kilichomleta, na pia mlivyokutana na mlichopendeana. Wengi hudhani hayo ya mwanzo ni maongezi ya kupoza moyo, kumbe ni kipimo: wenza wanaoweza bado kusimulia mwanzo wao kwa upole wana mtaji. Kikao cha pili na cha tatu, kila mmoja peke yake, kama dakika 50. Humo ndimo anapoulizwa habari za hofu, pombe, mtu wa nje, na swali zito kuliko yote: bado unaitaka ndoa hii? Kikao cha nne mnarudi pamoja na kupewa ramani: tatizo lenu linaanzaje, kinalikuza nini, mna nguvu gani, tutafanya nini na kwa vikao vingapi. Ukifika kikao cha nne hujapewa ramani, iombe.

Kabla ya vikao vile vya mmoja mmoja, uliza jambo moja: nikikuambia siri, utaificha kwa mwenzangu? Wapo wataalamu wasiobeba siri ya upande mmoja, nao husema hivyo mapema. Wapo wanaoibeba kwa muda, wakikusaidia uiseme mwenyewe. Sera yoyote kati ya hizo inaweza kufaa. Isiyofaa ni ile ambayo hamkuambiwa.

Sasa nikuonyeshe kazi yenyewe. Chukua ugomvi wa laki tatu. Nyumbani huenda ulidumu dakika nne. Chumbani tunaweza kuutazama kikao kizima, kama watu wanavyorudisha nyuma video ya goli kuona mpira ulipotokea. Tuseme unasimulia: "Nikamwambia, ndugu zako ndio familia yako, sisi ni wapangaji tu." Mtaalamu hakuulizi kama ni kweli. Anakuomba urudi nyuma: kabla hujatamka hilo, ulipoisoma meseji, mwilini kulitokea nini? Hapo wengi hukuta kwamba kabla ya hasira palipita kitu kingine kwa sekunde mbili tatu. Ubaridi tumboni. Hofu kwamba mtoto akirudishwa kwa sababu ya ada, utakuwa peke yako. Hasira ilikuja juu ya hofu hiyo kama kifuniko juu ya sufuria.

Kisha anamgeukia shemeji. Uliposikia "wapangaji", kilikupata nini? Atajibu "hakuna". Wanaume wengi huanza na hakuna, na mtaalamu mwenye subira hamkandamizi. Anamwambia: mkono wako ulikwenda kwenye simu, sekunde moja kabla, ulikuwa unajiambia nini? Pakitulia vya kutosha, hutoka sentensi fupi, mara nyingi ya aina hii: kila nikifungua mdomo nimeshakosea. Yeye kwenye simu ile hasomi kitu. Anajificha.

Mtaalamu anachora duara kwenye karatasi. Wewe unahofu, unauliza kwa ukali. Yeye anasikia ameshindwa uanaume wake, ananyamaza. Ukimya wake unakuthibitishia kwamba hutajibiwa, unazidisha sauti. Naye anatoka. Huu ndio mzunguko unaojulikana sana kwa watafiti wa ndoa: mmoja anadai, mwingine anajitenga. Andrew Christensen, mwanasaikolojia wa Marekani, ameuchunguza kwa miaka mingi. Faida ya kuuchora ni kwamba sasa mna kitu cha tatu cha kukitazama pamoja, badala ya kutazamana ninyi kwa ninyi kama washtakiwa.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu, na ndipo tiba inapozaa. Mtaalamu anamwambia shemeji: hilo ulilolisema, usiniambie mimi, mgeukie mwambie mkeo. Anageuza kiti. Anasema sentensi moja. Wewe huambiwi umjibu, unaambiwa tu umwambie ulichosikia. Kisha zamu yako, nawe useme ile hofu, bila kufoka. Njia hii ilijengwa Kanada katika miaka ya 1980 na Sue Johnson pamoja na Leslie Greenberg, na kwa kawaida huhitaji vikao 8 hadi 20. Kwanza ni kupoza mzunguko, kisha kujenga namna mpya ya kufikiana, mwisho kuizoesha kwenye mambo ya kila siku. Wengi huacha baada ya hatua ya kwanza kwa sababu kelele zimekwisha. Kelele zimekwisha kweli, lakini bado hakuna aliyemkaribia mwenzake, na miezi michache baadaye mzunguko hurudi.

Kuna jambo la mwili ambalo kwenu lina uzito wa pekee. John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, alikuwa akipima mapigo ya moyo wao wakati wakibishana. Mapigo yakivuka takriban 100 kwa dakika, mtu husikia maneno lakini hayachakati tena. Anajibu kama aliyevamiwa. Jipimeni: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata 25 na zaidi kabla ya kuzidisha, mazungumzo yamekwisha kwa sasa, hata kama midomo inaendelea. Pumzikeni angalau dakika 20, na katika dakika hizo usitunge hoja. Osha vyombo, tembea, swali au sali.

Sharti moja halina mjadala: anayeomba mapumziko ndiye ataje saa ya kurudi, na arudi, isizidi kesho yake. "Nimechemka, tuongee saa tatu." Shemeji tayari anapumzika, dada yangu. Anapotoka kwenda kijiweni anafanya hivyohivyo ambavyo mwili wake unataka. Kasoro yake ni kwamba hataji saa, na wewe unabaki na mlango uliofungwa usiojua utafunguliwa lini. Akiongeza sentensi hiyo moja tu, na wewe ukamwachia atoke bila kumfuata hadi getini, sehemu kubwa ya maumivu yenu ya usiku itapungua kabla hata ya kugusa suala la fedha.

Gottman pia alitaja mienendo minne inayobomoa: kumshambulia mtu badala ya jambo, dharau, kujitetea kila mara, na kujenga ukuta. Dharau ndiyo mbaya kuliko zote. Kwetu huja kwa kusonya, kubetua mdomo, kuigiza sauti ya mwenzio mbele ya watoto. Ukijiona unasonya, hiyo ndiyo ya kushughulikia kwanza. Yeye afanyie kazi ukuta. Gottman aliona pia kwamba wenza waliotulia, hata wakiwa katikati ya mabishano, walikuwa na matendo mema takriban 5 kwa kila baya 1: kichwa kinachokubali, kicheko kidogo, "hapo una haki". Hayo hayanunuliwi siku ya ugomvi, yanalimbikizwa.

Kuhusu fedha na ndugu, nisikupe matumaini ya uongo. Kwa hesabu ya Gottman, karibu asilimia 69 ya migogoro ya wanandoa haimaliziki, inaishi nao. Mdogo wake hataacha kuhitaji, wala wa kwenu hawataacha. Kinachowezekana ni utaratibu. Mkubaliane kiasi ambacho kila mmoja anaweza kutuma bila kuuliza, tuseme shilingi 50,000 kwa mwezi, na kinachozidi hapo kizungumzwe kabla ya kutumwa. Ada itengwe siku mshahara unapoingia, kabla ya ndugu wa upande wowote. Muwe na dakika 30 za fedha kwa wiki, siku na saa maalumu, mkiwa mmeshiba, simu chumba kingine, hoja moja tu. Anza na ulichokiona, kisha unavyojisikia, kisha ombi: "Nimeona ada haijalipwa na tarehe imebaki wiki moja, nina hofu, naomba tuipangie leo." Linganisha na "wewe siku zote ndugu zako mbele." Dakika tatu za mwanzo ndizo huamua mazungumzo yataishaje, na hapo wewe ndiye mwenye usukani.

Nirudi kwako mwenyewe, maana unaweza kuanza hata kesho. Tiba ya mtu mmoja kwa sonona ya wastani mara nyingi hufuata njia ya fikra na tabia iliyoanzishwa na Aaron Beck, Philadelphia, miaka ya 1960; vikao 12 hadi 20, dakika 50, mara moja kwa wiki. Mwanzoni hutaulizwa sana utoto wako. Utapewa daftari uandike unafanya nini kila saa na kila jambo lilikupa nafuu kiasi gani, 0 hadi 10. Baada ya wiki moja huonekana wazi kwamba yale yaliyokuwa yakikupa 6 au 7, kwaya, bustani, kumtembelea rafiki, yameondoka kimyakimya, yamebaki ya 1 na 2. Tunayarudisha moja baada ya jingine kwa ratiba, bila kungoja hamu, kwa sababu katika sonona hamu hufuata kitendo. Baadaye tunashika fikra. "Hanijali hata kidogo" inaandikwa, kisha ushahidi wa kuiunga mkono, kisha wa kuipinga, kisha sentensi mpya iliyo ya kweli zaidi. Nasema ya kweli zaidi, sisemi ya kufurahisha.

Usingizi una hatua zake, na unaweza kuzianza sasa. Chagua saa moja ya kuamka, mfano saa 11:30 alfajiri, na usiibadilishe hata Jumapili. Usipande kitandani mapema ili kufidia; kadiri unavyolala macho kitandani ndivyo ubongo unavyojifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuwaza. Ukiamka saa tisa usiku, usitazame saa. Ukihisi zimepita kama dakika 20, ondoka, kaa kwenye kiti sebuleni au kwenye mkeka, mwanga hafifu, bila simu, hadi usingizi urudi. Kitandani pasisahihishwe madaftari na pasigombaniwe. Chai ya majani na kahawa ziishe saa nane mchana. Kwa wiki mbili andika saa ya kulala na ya kuamka. Mtaalamu ataitumia hesabu hiyo kupunguza muda wako kitandani, kisha kuurefusha taratibu, bila kushuka chini ya muda wa saa tano kwa usiku. Mwenye kifafa au ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka asijaribu kupunguza huko bila daktari. Kwa wengi kazi hii huisha ndani ya vikao 4 hadi 8. Siku za mwanzo utachoka zaidi. Usikate tamaa hapo.

Je, mtaalamu mmoja awatibu wote, wewe peke yako na ninyi wawili? Napendelea wawe wawili. Aliyekusikiliza peke yako wiki kumi ameshajua machozi yako, na shemeji akiingia atahisi ameingia uwanja wa ugenini. Hilo ndilo sharti nililolitaja: ukianza peke yako, mweleze mtaalamu tangu mwanzo kwamba lengo ni kufikia kikao cha wote. Na ujue hatari iliyopo: anayesikia upande mmoja tu kwa miezi anaweza, bila nia mbaya, kuuzamisha upande wa pili. Aulize mara kwa mara, "mumeo angekuwa hapa angesemaje?" Asipouliza, muulize wewe. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, kwa mfano, unatambua tiba ya wenza kuwa tiba ya sonona yenyewe, pale ambapo mahusiano yanachangia ugonjwa: vikao 15 hadi 20 kwa miezi 5 au 6.

Namna ya kumwita shemeji. Usimwambie wakati wa ugomvi, wala kupitia shangazi. Chagua wakati ametulia, sema: "Baba fulani, sikuiti kwa sababu una kasoro. Mimi silali, na namna ninavyokuuliza mambo naijua si nzuri. Nataka mtu atusaidie nisikufokee. Njoo mara tatu tu, kisha uamue." Mara tatu zinakubalika, "tiba" bila mwisho haikubaliki. Mwachie achague mtaalamu, mwanamume au mwanamke, mtu asiyemjua yeyote wa ukoo wenu. Neno "kichaa" usibishane nalo. Na kama mmoja wenu amefika mahali hajui anataka kubaki au kuondoka, tiba ya wenza isilazimishwe. Iko njia fupi ya vikao visivyozidi 5 iliyoasisiwa na William Doherty wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ya kumsaidia kila mmoja aone wazi kabla ya kuamua.

Yapo yanayoharibu kazi hii, na karibu yote yanaepukika. La kwanza ni kuyabeba maneno ya kikao kwenda kupigania nyumbani: "si ulisikia mwenyewe alivyokwambia?" Siku hiyo mwenzio anafunga mdomo, na kikao kijacho mtaalamu anaanza upya. Lingine ni kuanza na uhusiano wa nje unaoendelea huku umefichwa. Hakuna kinachoota juu yake. Pombe nayo: anayekunywa kwa wingi apimwe kwa dodoso la AUDIT, maswali 10, na alama 8 au zaidi zishughulikiwe kwanza au sambamba. Kuna kuja vikao viwili na kuruka wiki tatu. Kuna kutofanya zoezi la nyumbani, ambalo ndilo tiba yenyewe kwa siku sita kati ya saba. Na kuna makosa ya mtaalamu: anayehubiri, anayemwambia mwanamke avumilie au mwanamume awe mkali, anayemwacha mmoja azungumze dakika arobaini. Muulize alisomea nini na wapi, anasimamiwa na nani, amewahi kufundishwa tiba ya wenza mahususi, na malipo ni kiasi gani kwa kikao. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014 inayotaka wasajiliwe. Huko omba namba ya usajili.

Kwako, anza na kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa, uombe kuonana na mwanasaikolojia. Pasipo naye, mshauri nasaha aliyefunzwa mbinu fupi za kitaalamu anaweza kukusaidia sana. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa vikao 5 vya dakika 90, uliojaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, ukiendeshwa na wahudumu wa afya ya jamii, na uliwapunguzia mateso ya moyo.

Ukifika kikao cha nne hadi cha sita, rudia PHQ-9. Kushuka kwa alama 5 ni nafuu ya kweli; kushuka hadi nusu ni matokeo mazuri. Kama namba haijasogea, sema, na mpango ubadilishwe. Kwa upande wa ndoa, kila Jumapili kila mmoja aandike kwenye karatasi yake, 0 hadi 10, alivyojisikia karibu na mwenzake wiki hiyo, mkaonyeshane bila maelezo.

Na shangazi akiuliza mmefikia wapi, jibu moja linatosha kwa miezi mitatu ya kwanza, mlikubaliane nyote wawili kabla: "Tunashughulikia, shangazi, tukikuhitaji tutakuja wenyewe." Mmoja wenu asimweleze zaidi ya hapo.